Uzoefu wangu: Benzi la marehemu baba, injini ya Hilux, na bolti ndani ya hozi

"Gari la dizeli ndivyo lilivyo, mzee. Breki zake ngumu. Wewe umezoea petroli."

Hayo niliambiwa na mwenye gereji moja hapa Tanga, amekaa kwenye siti ya Hiace waliyoing'oa na kuifanya kochi, simu mkononi, macho hakuyainua. Nilikuwa nimemwendea kwa adabu zangu zote. Jina la gereji siliandiki, maana pale pana kijana mmoja mchomeleaji anayelisha familia yake kwa mkono wake na hana kosa, nitamfikia. Lakini neno lile nataka alisikie kila mwenye gari la zamani anayewaza kushusha injini ya petroli na kupandisha ya dizeli, kwa sababu neno lile nusura linizikishe mama.

Gari lenyewe ni Mercedes 280SE, bodi la W126, la mwaka 1983. Marehemu baba alilinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, na kwa miaka mingi majirani zetu Chumbageni walijua Ijumaa imefika wakiliona limeoshwa. Baba alipofariki likabaki chini ya mwarobaini. Injini haikuwa mbovu, wallahi. Ile silinda sita haikuwahi kunitupa njiani. Kilichonishinda ni mfumo wake wa mafuta, ile K-Jetronic ya Bosch: hewa inayoingia inanyanyua sahani, sahani inasukuma kijiti, na kichwa kimoja cha chuma kinazigawia nozeli zote sita mafuta kwa presha. Hiyo ni kazi ya fundi wa saa. Ikipita kutu kidogo ya tangi, umekwisha. Mafundi watatu walikifungua kile kichwa na kila mmoja alikirudisha kibovu kuliko alivyokikuta. Na hata siku lilipokubali kuwaka, lilikuwa linakunywa lita 1 kwa kilomita 6.

Najua watu wa Benzi wataniambia S-Class, yaani Benzi kubwa la heshima kama hili, haivalishwi dizeli, ni kulivunjia heshima. Ndugu zangu, kiwanda chenyewe kilizivalisha. Wamarekani waliuziwa 300SD, S-Class ya dizeli, tangu 1978, kwanza kwenye bodi la W116, kisha kwenye hili hili la W126, silinda tano na turbo juu. Sisi huku ndio hatukuletewa. Nduguye wa injini hiyo, asiye na turbo, ndiye aliyekuwa kwenye zile 300D za W123. Huyo ndiye niliyemtafuta kwanza, mpaka Gerezani, Dar es Salaam. Nikaonyeshwa injini mbili. Moja bloku imepasuka, ya pili imelala mvuani mpaka pistoni zimeshikana.

Ndipo mwenye gereji akanishauri 3L, injini ya dizeli ya Toyota, ya Hilux, ije na gia boksi yake. Hoja zake zilikuwa za maana na sitamdhulumu kwa hilo. Haina kompyuta, haina masharti, na spea zake unazipata Tanga, Muheza, Korogwe, hata usiku ukimgongea mtu mlango. Nguvu zinashuka, kutoka farasi 185 hadi kama nusu yake, lakini mimi si mtu wa mashindano. Tukapatana milioni 7 na ushee, injini pamoja na kazi, nusu nikamkabidhi hapo hapo.

Wiki tatu alizoniahidi sitazizungumza sana. Gari liliingia kabla ya Ramadhani, na Idi ya kuchinja ilinikuta napanda bodaboda.

Ila nilipoitwa kulitazama, nilinyamaza. Yule mchomeleaji, kijana wa Makorora, alikuwa amefanya kazi ambayo sijaiona hapa mjini. Vikalio vya injini hakuchomea chuma juu ya chuma, aliweka raba za Hilux zenyewe na kupima kwa uzi mpaka injini ikakaa sawa na mstari wa gari. Propela shafti imeunganishwa, nusu ya Toyota, nusu ya Benzi, na fundi chonga akaisawazisha hadi kwenye mwendo wa 80 huhisi mtetemo wowote miguuni. Tangi limeshushwa likaoshwa, ile pampu ya umeme ya petroli imeondolewa nyuma. Rungu la gia limetoka katikati ya mbao za konsoli kama lilizaliwa pale, tundu limezungushiwa ngozi nyeusi iliyoshonwa kwa mkono. Nililigusa nikamkumbuka baba. Kama ningeandika siku ile, ningempa mwenye gereji nyota tano na ya sita kutoka mfukoni mwangu.

Na injini yenyewe naipenda, nasema wazi. Asubuhi unasubiri taa ya koili za kupasha injini joto izime, unawasha, inakohoa mara moja inatulia. Likisimama kioo cha ndani kinatetemeka, hilo silifichi, na mshale wa mzunguko wa injini umekufa kwa sababu ulikuwa ukisoma kwenye koili ya plagi na dizeli haina plagi za cheche. Lakini likiwa barabarani, vioo juu, lile bodi zito linameza kelele yote. Kilomita 11 kwa lita 1. Nilikwenda Pangani na kurudi kwa mafuta ambayo zamani yasingenitosha kwenda Muheza na kurudi.

Mwezi wa pili hivi tangu nilichukue, taa ya betri ikawaka. Nikarudisha gari. Sikukaa hata saa moja, wakaniambia altaneta imekufa, tumekufungia nyingine, nikalipa nikaondoka. Sijafika raundi abauti nikajua kuna kitu. Pedeli ya breki, iliyokuwa laini kama unakanyaga mto, imekuwa jiwe. Gari linasimama, ndiyo, lakini kwa paja zima.

Nikageuza saa ile ile. Hapo ndipo nilipoambiwa habari ya dizeli ndivyo ilivyo, na vijana wawili waliokuwa wanakula mihogo pembeni wakacheka. Nina miaka 58. Naendesha tangu nikiwa na 20. Lakini sikuwahi kumiliki Benzi la dizeli, na yeye ndiye fundi, nikamwamini. Siku hizo zote niliendesha mjini, na Tanga ni tambarare, unakwenda 40, mguu ukazoea. Hilo la mguu kuzoea ndilo linaloniuma kuliko yote.

Msimu wa vuli tukawa na harusi kwa wajomba, Vuga. Mama yangu ni Msambaa wa kule. Nikampakia yeye na dada yangu, tukapanda kutoka Mombo, na kwenye mlima ule 3L ilivuta vizuri, gia ya tatu, bila kulalamika. Mama akasema, "Baba yako angefurahi." Nikajiona mtoto aliyetimiza.

Kurudi ndiko kulikokuwa na hesabu. Anayeijua njia ya Soni kushuka Mombo anajua: upande mmoja jabali, upande wa pili korongo na mto chini, na kona hazikupi nafasi ya kufikiri. Nilishuka na gia ya pili, injini ikanishikia vizuri tu. Tumepita Soni, nazunguka kona, mbele lori la kabichi limesimama katikati ya njia, limekufa, utingo wake anatafuta jiwe la kuwekea tairi.

Nilikanyaga. Pedeli ikashuka kidogo ikakataa. Nikaweka miguu yote miwili, nikaushika usukani nikajivuta juu yake mpaka siti ikalia mgongoni, na Benzi la baba linaendelea tu kuteremka, polepole, zito, kama halinijui. Harufu ya breki pedi imejaa ndani. Mama hakupiga kelele. Alishika kichwa cha siti yangu na nikamsikia anasema La ilaha illa Llah, taratibu, vile vile alivyomsomea baba alipokuwa anakata roho.

Nikalielekeza kwenye mfereji, upande wa jabali. Tairi ya kushoto ikaingia, bampa likakwaruza mwamba, likasimama. Kati yetu na lile lori palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu.

Tulifika Mombo kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye vibanda vya mafundi wa barabarani akaja kijana, sidhani kama ametimiza 22, ovaroli limechanika goti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Breki ngumu. Nimeambiwa dizeli ndivyo zilivyo."

Hakunicheka. Akasema, "Mzee, zima gari. Kanyaga breki mara tatu, ya nne shikilia usiachie. Sasa washa, mguu uwe pale pale. Pedeli inashuka?"

"Haishuki."

"Basi busta haipati kitu."

Akafungua boneti, akaishika ile hozi nene inayotoka kwenye busta na kuifuata kwa vidole, taratibu, mpaka nyuma ya altaneta. Pale haikuunganishwa na kitu. Ilikuwa imekunjwa chini, na mdomoni mwake imechomekwa bolti, klipu imekazwa juu yake. Akaifungua, akaichomoa, akanipa mkononi. Bolti ya spana namba 12, bado ina grisi.

"Mzee, hii bolti ni ya nini?"

Akanieleza kwa maneno machache kuliko nitakayotumia mimi. Injini ya petroli inavuta hewa kupitia koo linalofunguka na kufunga, kwa hiyo ndani yake kuna mvuto, na mvuto huo ndio unaoisaidia busta kukandamiza breki. Dizeli kama 3L inavuta hewa wazi wazi, haina mvuto wa kugawa. Kwa hiyo Toyota wamening'iniza pampu ndogo ya vakyumu, ya kuuzalisha mvuto huo, mgongoni mwa altaneta, inazungushwa na altaneta hiyo hiyo na inalainishwa kwa oili ya injini. Altaneta niliyofungiwa haikuwa na pampu. Ilikuwa ya kawaida, imekalia washa tatu ili mkanda unyooke. Akamulika kwa simu akanionyesha na njia ya oili iliyokuwa ikiilisha ile pampu. Nayo imezibwa kwa bolti ya pili, imezungushiwa tepu nyeupe vizuri, tena kwa ustadi.

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na haijashuka mpaka naandika hivi. Asiyejua hazibi. Aliyeziba zote mbili alijua hozi ile inakwenda wapi na inafanya kazi gani. Alijua, akaniangalia, akaniambia nimezoea petroli.

Tulilala Mombo. Altaneta ya mtumba yenye pampu ikaletwa na basi kutoka Korogwe asubuhi, kijana akaifunga. Nikazima, nikakanyaga mara tatu, nikashikilia, nikawasha. Pedeli ikazama chini ya mguu wangu laini, kama mtu anayeshusha pumzi. Kijana alitaka hela ya kufunga tu. Nilimwongeza.

Bolti zote mbili nilizipeleka Tanga nikaziweka kwenye meza ya mwenye gereji. Alizitazama akasema, "Si mmefika salama lakini?" Kisha akaongeza kwamba altaneta yenye pampu ni ghali, angeniambia ningelalamika bei. Yaani alinihurumia mfuko. Nilimuuliza ile altaneta yangu ya zamani iko wapi, hajui. Nikamuuliza hati ya kununulia injini, maana bila hiyo siwezi kwenda TRA, mamlaka ya mapato, kubadili namba ya injini kwenye kadi, akasema njoo wiki ijayo. Nimekwenda wiki ijayo nne.

Nilisema juu sitamdhulumu, na kwamba ushauri wake wa 3L ulikuwa wa maana. Nayafuta. Ushauri mzuri kutoka kwa mtu anayeweza kuziba hozi ya breki ya gari la mtu haunisaidii kitu. Nilikuwa nifikirie nyota mbili kwa sababu ya uchomeleaji. Hapana. Zile nyota ni za kijana wa Makorora, si za gereji. Alinifuata nje siku ile, mikono nyuma, akasema, "Nisamehe mzee, mimi sikuwepo walipofunga ile." Nimemwamini. Siku akifungua banda lake nitampelekea gari la kwanza, na jina lake nitaliandika kwa herufi kubwa.

Je, uvalishe dizeli Benzi lako? Nilipotoka Mombo ningekwambia usithubutu, lichome moto kuliko. Leo nakwambia valisha, injini hii haijanikosea hata siku moja. Lakini ukibadilishiwa chochote, kidai kile cha zamani mkononi kabla hujalipa, na ukiambiwa breki ngumu ni tabia ya dizeli, chukua ufunguo wako uondoke. Nasema hivi nikijua nitakuwa nimebadili mawazo tena nikipita mbele ya gereji ile kesho.

Mama alikataa kulipanda kwa miezi. Sasa anapanda, lakini ana utaratibu wake. Anasimama nje, mlango wazi, mkoba umebanwa kwapani, ananitazama miguu.

"Umekanyaga mara tatu?"

"Nimekanyaga, mama."

"Umewasha? Imeshuka?"

"Imeshuka."

Ndipo anaingia.