Maizena au wanga wa muhogo? Cha kununua kwa tarti za matunda Lubumbashi

Novemba ikifika, beseni za maembe zinajaa soko la Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi, mpaka pa kupita panakosekana, na simu za kuagiza tarti zinaanza kuita. Kila msimu wapo pia dada wawili watatu walioanza biashara hii nyumbani, na swali lao ni lile lile: "Yaya, nikikata tarti maji yanamwagika kwenye sahani. Ninunue nini?" Siku hizi siulizi kwanza walivyopika. Nawaambia wanionyeshe pakiti.

Maji ya tunda yanashikwa na wanga, na wanga unaouzwa hapa mjini ni wa aina nyingi. Nimeupanga kuanzia ninaoununua mara kwa mara hadi ule nisioutia kwenye tarti hata nikipewa bure.

1. Maizena ya boksi, iliyofungwa kiwandani

Maizena ni wanga wa mahindi, na hii ndiyo ya kwanza, hasa kwa tarti itakayoliwa siku hiyo au kesho yake. Haina harufu, inakaza upesi, na ikipoa inashika hata kisu kipite. Kijiko 1 cha supu kilichosawazishwa ni kama gramu 8, nacho kinatosha kufanya kikombe cha maji ya tunda kiwe kizito kama sosi. Kwa kilo 1 ya embe lililomenywa na kukatwa natia vijiko 3. Nanasi linatoa maji zaidi, kwa hiyo 4, na likiwa limeiva sana 5.

Soma maandishi ya boksi kabla ya kutoa pesa. Kwa Kifaransa tafuta "fécule de maïs" au "amidon de maïs". Yote mawili ni kitu kimoja. Ukiona "farine de maïs", huo ni unga wa mahindi, urudishe. Kinachowapoteza wengi ni boksi zinazopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zenye maandishi ya Kiingereza. Hapo "corn flour" ni maizena yenyewe, ingawa ukitafsiri neno kwa neno utadhani ni unga. Unga wa bukari (ugali) wenyewe Wazambia wanauita "mealie meal". Nimeona mtu akiacha boksi nzuri dukani kwa sababu hiyo, akaenda kununua mbaya kwa bei ile ile.

Angalia gramu pia, boksi lisikudanganye kwa ukubwa. Gawa bei kwa gramu, na mara nyingi utakuta boksi la katikati ndilo lenye nafuu. Halafu libonyeze pembeni: ndani kukiwa na donge gumu, limeingiwa na unyevu. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zikiwa nyingi, mimi huhamishia yangu kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko siku ile ile ya kununua.

2. Wanga wa muhogo

Kama ni uzuri peke yake, huu ungekuwa wa kwanza. Maizena inaacha ukungu kidogo, ila wanga wa muhogo unang'aa kama kioo, na rangi ya embe inaonekana mpaka ndani. Hauna ladha ya nafaka. Tena unavumilia friza: rojo la maizena likigandishwa kisha likayeyuka hutoa maji kama sponji iliyokamuliwa, lakini la muhogo linashika vizuri zaidi. Anayeandaa tarti za harusi siku nne kabla na kuzigandisha anunue huu.

Nimeuweka wa pili kwa sababu mzuri haupatikani kila siku. Madukani unakuja kwa jina la tapioka, mara nyingi umetoka mbali na bei imepanda. Angalia uwe wa unga laini. Ule wa punje ndogo nyeupe unahitaji kulowekwa kwanza, na usipopikwa vya kutosha unabaki kama mayai ya samaki ndani ya tarti.

Mwenye muda anunue muhogo mbichi. Chagua mtamu, usichukue mchungu. Umenye, uukune laini, uuchanganye na maji mengi, uukamue kwenye kitambaa safi juu ya beseni. Yaache maji hayo yatulie saa 4 au 5. Juu yatabaki maji ya manjano, hayo mwaga yote. Chini utakuta kitu cheupe kimeganda kama chokaa: ongeza maji safi, koroga, acha kitulie tena, mwaga, kisha anika juani mpaka kivunjike kama chaki. Kilo 5 za muhogo zinanipa karibu kilo 1, na mara nyingi pungufu kidogo. Mama yangu alitengeneza huo huo, ila wake ulikwenda kwenye kola za mashati ya baba, na sisi watoto tulipigwa tukiugusa. Hata wanga wa mahindi ulianza hivyo: Thomas Kingsford alipoanza kuutoa kwenye mahindi huko Marekani mwaka 1842, kazi yake ilikuwa kukaza nguo. Jikoni uliingia baadaye.

Usiuzidishe tu. Ukipita kiasi unavutika kama makamasi, samahani kwa neno, lakini aliyewahi kuuona hawezi kuuita vingine.

3. Poda ya krimu

Ile ya kopo, ya manjano (custard). Kwa sehemu kubwa ni maizena yenye rangi na vanila. Alfred Bird aliitengeneza Birmingham, Uingereza, mwaka 1837 kwa sababu mkewe hakuweza kula mayai. Kwa tarti ya ndizi au ya nanasi inafaa. Kwa mapera haifai, vanila inameza harufu yake. Na unalipia rangi.

4. Unga wa ngano

Uko nyumbani tayari, basi. Unahitaji mara mbili ya maizena, rojo linakuwa na ukungu, na usipochemka vya kutosha unasikia ubichi wake ulimini. Mimi nautumia umeme ukikatika, maduka yamefungwa na mteja yuko njiani.

5. Wanga wa viazi

Unakaza haraka, unang'aa, lakini ukichemka sana unalegea. Anayepikia mbabula, jiko la makaa, moto ukipanda na kushuka upendavyo, atasumbuka nao.

Usinunue: unga wa bukari, wala pakiti isiyo na jina

Unga wa muhogo wa bukari si wanga wa muhogo. Mihogo yake mara nyingi imelowekwa ikachacha, na harufu ile ni nzuri kwenye sahani ya bukari na samaki, siyo kwenye tarti ya embe. Unga wa mahindi nao unaacha mchanga mdomoni.

Ninajua kwa sababu niliwahi kuulisha watu. Nilinunua mfuko wa nailoni usio na maandishi, muuzaji akaapa ni maizena. Tarti 12 za komunyo. Shangazi wa mtoto alitafuna, akanyamaza, akatafuna tena, kisha akaniuliza kama niliosha matunda. Ulikuwa unga wa mahindi uliochekechwa mara nyingi.

Tangu siku hiyo nina majaribio mawili. Chukua kidogo usugue kati ya vidole: maizena halisi inalia, kwi kwi, kama kiatu kipya. Kisha pika kijiko 1 kwenye kikombe cha maji. Ikigeuka rojo la kupenyeza mwanga, ni wanga. Ikibaki uji, umeuziwa uji.

Kabla hujalaumu pakiti

Kuna wanaorudisha boksi zima dukani na kosa liko kwenye sufuria. Wanga ukorogwe kwanza na maji baridi. Ukiumwaga mkavu kwenye maji ya moto, nje ya donge inavimba na kuziba, ndani inabaki unga. Halafu uchemke kweli: Lubumbashi tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu na nyuzi 96, kwa hiyo mapovu mawili ya pembeni hayatoshi. Subiri yafike katikati ya sufuria, hesabu dakika nzima, epua. Usiendelee kukoroga kwa nguvu nusu saa, utauvunja.

Limau na marakuja tia baada ya kuepua, kwani asidi ikichemshwa pamoja na wanga inaulegeza. Sukari ikiwa nyingi mno inayanyang'anya maji ambayo wanga ulihitaji ili uvimbe, basi pima.

Na kijiko cha kuonjea kisirudi sufuriani. Mate yana kimeng'enya kinachokula wanga. Msaidizi wangu wa kwanza alikuwa anaonja, analamba, anarudisha. Rojo lililolala zito likaamka maji, na mimi nilibadilisha maduka matatu kabla ya kumwona siku moja, amenipa mgongo, kijiko mdomoni.