Tamiya Hornet iliyotumika: beringi kwanza, mota baadae

Wadau wa Tanga mnaouliza kila jioni lile gari la rimoti linalotimua vumbi kule Raskazone ni aina gani, jibu ni Tamiya Hornet, bagi (gari la kukimbia kwenye vumbi na mchanga) ya saizi ya 1/10 kutoka Japani. Naandika yote hapa ili nikiwa nimeshika rimoti msinisemeshe, nikigeuka tu kuitika salamu gari iko mtaroni.

Kwanza ieleweke hii sio toi ya kutoa kwenye boksi na kukimbiza. Inakuja vipande vipande unaunga mwenyewe, na raha yake ndo hiyo, kila kipande kinauzwa peke yake kwahiyo kikivunjika kimoja hutupi gari. Ilitoka mara ya kwanza 1984, ikaja ikasimama, alafu Tamiya wakairudisha sokoni 2004 na mpaka leo spea unapata. Yangu ni ya hilo toleo la kurudi, imetumika haswa, shemeji kaniletea toka Muscat ina mchanga wa huko mpaka ndani ya rimu, sevo (kimota kidogo cha kugeuzia tairi za mbele) hamna, betri imekufa. Kwahiyo hii rivyuu ni ya gari lililofumuliwa lote likafungwa upya, sio la dukani.

Kufumua sasa. Skrubu za Tamiya zina kichwa cha msalaba cha kijapani, kile wanaita JIS, na bisibisi ya msalaba ya kawaida ya hardware haikai sawasawa mle ndani, inateleza inakula kichwa alafu unabaki unatukana. Tafuta bisibisi ya JIS kabla hujagusa kitu. Mafundi wa pikipiki za kijapani wengine wanazo, azima. Na wakati wa kurudisha, skrubu inaingia kwenye plastiki moja kwa moja, kwahiyo izungushe kwanza kinyume taratibu mpaka usikie imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndo ukaze. Ukilazimisha inachimba njia mpya na tundu linalegea, basi tena. Ile gundi ya kuzuia skrubu isilegee weka chuma kwa chuma tu, ikigusa plastiki ya chasisi inaipasua. Kwenye kusafisha maji ya sabuni na mswaki wa zamani vinatosha, petroli usithubutu, bodi ni polikaboneti na chasisi ni ABS, haviivumilii.

Mimi zile skrubu za chuma cha kawaida nimezitoa nyingi nimeweka za stenlesi za kichwa cha alen. Sisi tuko baharini jamani, upepo wa chumvi unakula hata bawaba za mlango sembuse skrubu ya milimita tatu.

Haya tuje kwenye hoja yenyewe. Kila mtu akinunua hii gari kitu cha kwanza anachowaza ni mota kubwa, brashlesi (isiyo na brashi ndani), ikimbie kama wazimu. Hapana yakhe! Pesa ya mota kanunue beringi. Hornet kwenye boksi inakuja na bushi (vipete visivyo na gololi) za plastiki sehemu nyingi ambapo ekseli inazungukia, na bushi zikishaingia mchanga wetu huu zinalika, ekseli inaanza kucheza, gia hazikutani sawa, mota inahangaika inachemka na betri inaisha mapema. Beringi zinaondoa karibu yote hayo kwa mkupuo mmoja. Saizi inayotumika sana kwenye Tamiya ni milimita ndani 5 nje 11 unene 4, wauzaji wa beringi wanaiita MR115, na uzuri wake ni kwamba hiyo hiyo imo kwenye rili nyingi za kuvulia samaki. Basi nikaenda kwa mzee mmoja anayetengeneza rili za wavuvi.

“Shikamoo mzee, una beringi ya tano kwa kumi na moja?”

“Marahaba mwanangu, rili yako aina gani?”

“Sio rili mzee, gari.”

Kanitazama juu mpaka chini, alafu kafungua kopo lake. Alikuwa nazo chache, zilizobaki nikaagiza mtandaoni. Ukipata zenye kifuniko cha mpira pande mbili chukua hizo, zinazuia vumbi kuliko za kifuniko cha bati. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha, grisi nzito ya magari usiweke, inafanya kila kitu kizunguke kivivu. Ndani ya giaboksi grisi ipo ila nyepesi na kidogo, kwenye meno tu.

Baada ya beringi, nyuma. Hapa niseme ukweli hata kama naipenda, Hornet nyuma haina mikono miwili ya kujitegemea kama bagi za mashindano za sasa. Giaboksi, mota na ekseli ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka chote kwa pamoja, kwahiyo uzito wote ule unatupwa juu kila ukikuta tuta, na kwenye njia mbovu gari inarukaruka kama mwanambuzi. Hilo ni umbo lake, hulitoi. Unalipunguza tu. Shokapu za nyuma ni za mafuta, zifungue mwaga ya zamani jaza mafuta ya silikoni mazito kiasi, maana kazi yake ni kupita kwenye vitundu vya pistoni ndani na yakiwa mepesi mno springi inarudi kwa kishindo. Kumbuka jua la saa saba linayafanya yawe mepesi zaidi. Mafuta ya injini au ya breki hapana, zile oringi zitavimba. Mbele shokapu ni springi tupu, hamna mafuta, nayo ni ya kubadili ukipata pesa.

Mota nimeacha ile ya saizi ya 540, ya brashi. Inatosha kabisa, gari ni nyepesi na uzito uko nyuma, ukizidisha nguvu inanyanyua pua na kubinuka chali kila ukikanyaga. Kidhibiti mwendo nimeweka Hobbywing QuicRun 1060, naipenda kwa sababu moja, ina kijumpa (kiplagi kidogo cha kuhamisha) cha kuchagua betri ni NiMH (ya nikeli) au lipo (ya lithiamu). Usikisahau hicho. NiMH ya seli sita ni volti 7.2, lipo ya seli mbili ni 7.4 na ikijaa inafika 8.4, ila lipo haitakiwi kunyonywa mpaka chini, ukiacha kijumpa upande wa NiMH kifaa hakikati umeme mapema na lipo inaharibika, ikivimba itupe mbali na nyumba. Kupata lipo nayo ni kazi, toka Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafiri peke yake hazibebwi kama kago kwenye ndege za abiria, ndo maana wauzaji wengi wanakataa kutuma. Ukiwa huna haraka baki na NiMH, haina maneno.

Rangi ya bodi inapigwa kwa NDANI na iwe rangi ya polikaboneti, ile ya kopo ya kupigia magari inabanduka bodi ikigongwa mara moja.

Kwenye matumizi: mchanga mkavu wa Ngamiani tairi za nyuma zenye miiba zinakamata vizuri sana, zile nyembamba za mbele kona zinaitika kwa shida kidogo. Njia za ndani ya mashamba ya mkonge ndo penyewe, ndefu, udongo umeshikana. Vumbi jeupe la Pongwe sio rafiki, linaingia kila mahali. Ufukweni maji yakiwa yamekupwa unaona uwanja mzuri umelala pale unashawishika, acha, ule mchanga umelowa chumvi na mota ya brashi haina kinga yoyote.

Anayetaka kushinda mashindano asinunue hii, akatafute bagi ya kisasa. Anayetaka kujifunza kufungua na kufunga na mtoto wake Jumapili, achukue bila kuuliza mara mbili. Na Grasshopper, bagi nyingine ya Tamiya, ni ndugu yake, chasisi na giaboksi vinaingiliana, kwahiyo mwenye Grasshopper bovu juu ya kabati asiitupe. Giaboksi naitaka mimi, tuelewane bei.