Programu za kuchorea mtiririko wa kazi na muundo wa ofisi: ipi uanze nayo, ipi uilipie

Ofisi nyingi ndogo hukimbilia kulipia programu ya michoro kabla hazijakaa kukubaliana nani anafanya nini. Mkishakubaliana, kazi inayobaki ni nyepesi, na programu ya bure inaiweza. Ndiyo maana kwenye orodha yangu inatangulia.

Namba moja ni draw.io. Hailipiwi, haidai akaunti, hufunguka kwenye kivinjari, na ina toleo la kuweka kwenye kompyuta linalofanya kazi bila intaneti. Bando likikata, unaendelea kuchora. Faili unahifadhi unapotaka wewe, iwe kwenye flashi au Google Drive.

Chukua ununuzi wa kawaida wa ofisini. Gawa ukurasa safu nne: mwombaji, meneja, mhasibu, stoo. Weka duara refu mwanzoni na mwishoni, mstatili kwa kila hatua, na almasi kwa kila swali la ndiyo au hapana. "Bajeti ipo?" Ikiwa ndiyo, mhasibu anaandaa LPO (hati ya kuagizia bidhaa), ikiwa hapana, ombi linarudi kwa mwombaji. Kila mshale unapovuka safu, karatasi imehamia meza nyingine, na hapo ndipo huwa zinalala. Ukiona ombi moja linapita kwa meneja mara tatu, umeshajua kwa nini toner ya printa inachukua wiki mbili kufika.

Udhaifu wa draw.io ni chati ya uongozi, ile ya nani yuko chini ya nani. Inaweza kusoma orodha ya CSV (jedwali la maandishi matupu), lakini maandalizi yake yanachosha asiyezoea.

Hapo ndipo Visio ya Microsoft inaposhika nafasi ya pili. Toleo lake la kompyuta linasoma Excel: safu ya jina, ya cheo, na ya mkuu wake wa kazi, kisha linapanga masanduku lenyewe. Ukiwa na wafanyakazi mia na zaidi wanaohama idara kila mara, pesa yake inarudi. Ila toleo hilo ni la Windows tu. Na kama ofisi inalipia Microsoft 365 ya biashara, muulize mtu wa IT kwanza: tangu 2021, Visio nyepesi ya kwenye kivinjari imeingizwa kwenye vifurushi vyake vingi. Msilipie mara mbili.

Lucidchart naiweka ya tatu, ingawa kwa watu wa matawi tofauti wanaochora pamoja kwa wakati mmoja ni nzuri kweli. Kifurushi cha bure kinakupa michoro mitatu, kila mmoja maumbo 60. Ule ununuzi wetu, ukiuandika kwa undani, unayamaliza upesi.

PowerPoint inatosha kwa chati ya watu kumi ya kubandika kwenye ripoti. SmartArt, zana yake ya michoro iliyopangwa tayari, inakubana ukitaka kutoka nje ya mpangilio wake, kwa hiyo mtiririko wa kazi usiujaribu humo.

Kabla ya kulipia chochote, tumia muda wa majaribio kuchora mchakato wenu halisi, si sampuli yao. Uprinti kwa A4, nyeusi na nyeupe, uone kama herufi zinasomeka ukutani. Kisha mpe mwenzako faili, abadilishe jina moja bila kukuita. Akishindwa, usinunue.