Nililipia choo, nikaonyeshwa jiwe

Jamani Kilimanjaro ni mzuri mpaka unalia, na mimi nililia kweli, asubuhi pale kambi ya Barranco mawingu yote yako chini yetu. Lakini kampuni niliyopanda nayo, jina naliacha, mpaka leo nikiikumbuka roho inachemka.

Ilikuwa mwaka jana kiangazi, njia ya Machame. Nikalipa hela ya ziada kabisa kwa ajili ya choo cha kubebeka, kile cha kiti na kihema chake, maana habari za tishu nyuma ya mawe nilishazisikia na sikutaka na mimi niongeze zangu. Siku za mwanzo kilikuwa kinasimamishwa vizuri tu kila kambi, sina neno. Tumefika kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,673 huko, upepo unakata masikio, choo hamna. Namuuliza kiongozi wetu, kaka choo kiko wapi, ananijibu bila hata kunigeukia, "Tumekiacha kambi ya nyuma, Karanga, dada, vijana wamechoka. Si mawe hayo?" Na tishu je? Akacheka. "Huu mlima mkubwa, hauwezi kujaa."

Hauwezi kujaa! Nimeenda nyuma ya hilo jiwe na tochi kichwani, nakuta tishu na waipsi zimegandiana na theluji, zingine zimeshageuka rangi. Kule baridi ile vitu haviozi kama huku shambani, unachoacha wewe mwenzio atakikuta. Mimi bibi yangu ni wa Old Moshi, nimekua nachota maji ya mfongo, ule mfereji wa kutoka mlimani, na mlima unaotunywesha ni huo huo, sasa mtu wa hapo hapo unaniambiaje haujai?

Najua kuna wanaosema wajenge vyoo vya maana kila kambi yaishe. Hapo mimi nagoma. Barafu hakuna maji, maji ya mwisho ni ya Karanga, hata chai uliyokunywa pale mpagazi ndo kayapandisha maji yake, sasa choo cha kuvuta utakivutia nini? Na ukishaanza kumwaga zege huko juu huachi. Bora hiki cha kubebeka, kibebwe kupanda, kibebwe kushuka, ila basi kibebwe kweli!

Kwenye maoni ya kampuni mtandaoni nilishawapa nyota moja. Halafu nikamkumbuka baba mmoja mpagazi, mtu mzima, wakati tunashuka nilimkuta ameinama anaokota tishu za watu, mkononi kavaa mfuko wa unga. Nikamwambia shikamoo baba, pole na kazi. "Marahaba mwanangu, nisipookota upepo unazitawanya." Nikafuta, nikaweka nne.

Lakini nikakumbuka na geti la kushukia, Mweka, mifuko ya taka inapimwa, yule kiongozi kasimama pembeni ya mzani anapiga picha kilo zake, kifua mbele, na za nyuma ya jiwe bado ziko kule. Nikarudisha moja. Tena kijana aliyekuwa anabeba kile choo akaninong'oneza kwenye gari kwamba hajaongezwa hata mia, mzigo ni ule ule na choo juu yake, ndo maana kakitua Karanga. Yeye simlaumu hata kidogo, ningekuwa mimi ningekitua Machame.

Hela ya choo naidai mpaka leo, kila nikipiga naambiwa bosi yuko safari. Wakinirudishia namtumia yule kijana, namba yake ninayo.