Picha safi, maji yaliyochelewa: tathmini ya huduma ya kupima fuwele za chuma cha pua

Maabara ninayoitathmini hapa hupokea vipande vya aloi kutoka kwa wateja, huvipasha moto, huvigandamiza kwa mashine, kisha huvichunguza kwa hadubini ya elektroni na kutoa taarifa ya maandishi. Nimeitumia mara mbili kwa kazi ileile, na mara hizo mbili nilipata majibu yanayopingana kabisa.

Nilipeleka vipande vya mcheduara vya chuma cha pua chenye takriban asilimia 18 ya kromi na asilimia 8 ya nikeli, vyenye kipenyo cha milimita 10 na kimo cha milimita 15. Niliagiza vipashwe hadi nyuzi 1,050 za Selsiasi na kugandamizwa mpaka kimo kibaki milimita 9 hivi, kazi ambayo kwa kasi niliyoichagua huchukua nusu sekunde tu. Nilitaka kujua jambo moja: mashine inapoachia, ni sehemu gani ya fuwele, yaani punje ndogo zinazounda metali, imekwisha kuzaliwa upya, yaani kubadilishwa na fuwele mpya?

Swali hilo lina mtego. Metali inapogandamizwa ikiwa moto, dosari za mistari ziitwazo dislokesheni hurundikana ndani ya fuwele zake na kuhifadhi nishati. Katika alumini dosari hizo hujipanga na kufutana kwa wepesi, hivyo metali hulainika bila kuhitaji sana fuwele mpya. Katika austenaiti, ambao ndio muundo wa chuma changu, wepesi huo haupo. Mrundikano huzidi hadi fuwele changa, zisizo na mrundikano, zianze kuchipua kwenye mipaka ya zile kongwe. Uchipuaji huo haukomi mashine inapoachia. Vichipukizi vilivyokwisha kujitokeza huendelea kukua papo hapo madhali joto lipo, ndiyo maana kipande hakina budi kuzimwa kwa maji, yaani kupozwa ghafla, mara moja, ili kinachoonekana kwenye hadubini kiwe kile kilichokuwapo wakati wa kugandamizwa.

Taarifa ya kwanza ilidai kwamba zaidi ya robo tatu ya fuwele zilikuwa mpya, na picha zake zilikuwa safi kiasi kwamba nilikaribia kuiamini. Kilichonizuia ni mchoro wa mkazo (nguvu ambayo chuma hupinga nayo kugandamizwa) walioambatisha wao wenyewe: mkazo ulikuwa umefika kileleni na ndipo tu ukaanza kushuka, dalili kwamba uzaliwaji upya, ambao hulainisha chuma, ulikuwa bado mchanga. Nilipouliza, fundi alinieleza bila kuficha kwamba kipande hutolewa kwa koleo na kupelekwa kwenye ndoo ya maji, mwendo wa sekunde sita hivi. Huo ni muda mara kumi na mbili ya ule wa kugandamiza! Sehemu kubwa ya nilichokuwa nimeuziwa ilikuwa imezaliwa njiani kuelekea kwenye ndoo.

Walikubali kurudia bila kudai malipo mengine, safari hii wakipuliza maji ndani ya chumba cha mashine chini ya sekunde moja baada ya kuachia. Picha mpya zilikuwa za chuma kingine kabisa: fuwele kongwe zilizobanwa zikawa bapa, kingo zake zikiwa na mawimbi, na kando ya kingo hizo vijifuwele vidogo vimejipanga kama shanga za mkufu. Sehemu mpya ilikuwa karibu robo. Nawapongeza pia kwa kukipasua kipande kwa urefu na kupiga picha katikati yake, kwa kuwa ncha zinazogusana na mashine hushikwa na msuguano na hazibonyei sawasawa.

Upimaji wa ukubwa wa fuwele una kasoro ndogo zaidi. Fuwele mpya za chuma hiki hujaa pacha, ile mistari iliyonyooka inayozikata kutoka ukingo hadi ukingo, na maabara ilihesabu kila mstari kuwa mpaka kamili, hivyo wastani ukatoka mdogo kuliko inavyostahili. Hata hivyo taarifa ilieleza wazi vigezo vyake, kwamba mpaka ni tofauti ya mwelekeo wa mpangilio wa atomi inayozidi nyuzi 15, na fuwele huhesabiwa kuwa mpya ikiwa mtawanyiko wa mwelekeo ndani yake ni chini ya nyuzi 2. Nilipoomba data ghafi nilipewa siku hiyohiyo, nikaziondoa pacha mwenyewe. Si kila maabara hukubali kufunguliwa vitabu namna hiyo.

Kwa kazi ya hadubini nitarudi kwao bila kusita. Kwa kazi ya kugandamiza, nitaandika kwenye oda muda wa juu kabisa wa kuzima kwa maji na kudai uandikwe kando ya kila kipande. Nawapa nyota tatu kati ya tano, na ya nne nitaiongeza siku fomu yao ya oda itakapokuwa na safu ya muda huo.