Nimesoma kozi ya bure ya Google ili niuze ubuyu: uzoefu wangu

Kabla ya Google nililiwa elfu hamsini. Kundi la WhatsApp, mwalimu anatuma sauti za dakika kumi kumi usiku wa manane, ahadi ni kwamba ndani ya siku 14 unakuwa mtaalamu wa masoko ya mtandaoni. Siku ya tisa tukaambiwa siri zenyewe hasa ziko kundi la VIP, ongeza elfu themanini. Nikatoka kimya kimya.

Mimi napika ubuyu nyumbani, Tabata. Wateja wangu walikuwa wale wale wa statasi: majirani, wanakwaya wenzangu, mawifi. Mdogo wangu ndiye aliyenitumia kozi ya Google inayoitwa Fundamentals of Digital Marketing. Hiyo ilikuwa 2023. Haikuwa na malipo, ilikuwa na moduli 26, yaani sehemu za somo, na wenyewe walikadiria saa 40. Mimi ilinichukua miezi miwili, kwa sababu sukari ikishachemka jikoni huwezi kushika simu.

Video zake ni fupi, dakika chache tu, kisha unaulizwa maswali. Lugha ni Kiingereza, ila kuna maandishi chini ya video, na mimi wa kidato cha nne niliyafuata bila shida kubwa. Kilichonichosha ni mifano. Kila mfanyabiashara humo ana tovuti, ana orodha ya barua pepe za wateja. Mimi mteja wangu hata nikimwomba barua pepe atadhani nataka kumwibia. Moduli za barua pepe na za kupeleka biashara nchi za nje nilizipitia mbio mbio ili nifike mwisho. Mtihani ulikuwa na maswali 40 na ulitakiwa upate asilimia 80. Mara ya kwanza nilianguka, nikasubiri kesho yake nikarudia. Cheti ninacho, kiko kwenye simu, hakuna mteja aliyewahi kukiuliza.

Sasa faida. Kabla ya kozi nilikuwa nabonyeza kile kitufe cha kubusti posti Instagram, yaani unalipia ili posti ionekane na watu wengi, elfu tano inaondoka, likes zinakuja, nafurahi. Moduli za takwimu ndizo zilizonikalisha chini: unalipia nini hasa, likes au oda? Nikachukua kauntabuku, nikachora mistari. Kila anayeulizia namwuliza ameniona wapi, naandika.

Nikajaribu matangazo mawili, kila moja elfu tano kwa siku, siku nne. La kwanza bango zuri la kutengenezewa, lenye maandishi ya dhahabu. La pili video niliyoshika kwa mkono mmoja: namwaga mbegu kwenye sufuria ya sukari iliyokolea rangi na iliki, mwiko unazunguka, mvuke umefunika kioo cha simu mpaka picha inafifia. Bango lilipata likes zaidi ya mia mbili na oda tatu. Video ilipata likes 41, oda 11. Nililitazama lile daftari nikakumbuka hela za bango.

Kosa langu lingine lilikuwa eneo. Tangazo la mwanzo kabisa niliacha nchi nzima. Dada mmoja wa Kigoma akataka kikopo kimoja cha elfu mbili, nauli ya basi ikawa inazidi ubuyu wenyewe. Siku hizi nachagua Dar tu, bodaboda inafika.

Halafu bei. Hili kozi haikunifundisha, nimejifunza kwa kuchoka. Nilikuwa naandika "njoo inbox" kama wauzaji wote. Watu mia wanauliza "bei?", unajibu mia, wanabaki watano. Nikaweka bei juu ya picha, na kwenye katalogi ya WhatsApp Business, ile WhatsApp ya wafanyabiashara yenye orodha ya bidhaa, kila ujazo na bei yake. Meseji zimepungua nusu, oda hazijapungua.

Kitu kidogo lakini kimenilipa: moduli za wateja wa karibu. Nilijisajili kwenye ramani ya Google, nikaficha anwani ya nyumbani nikaweka maeneo ninayofikisha mzigo. Sijalipia hata senti, na kuna mama wa shule moja ya awali alinipata huko, anachukua vikopo thelathini kila mwisho wa muhula.

Kama una simu, bando na kitu cha kuuza tayari, isome, anza na takwimu na mitandao ya kijamii, mengine yatasubiri. Kama huna cha kuuza, utamaliza saa 40 ukiwa na cheti tu.

Bado sijapata dawa ya mteja anayesema "poa, nakuja kulipia" halafu tiki zinabaki bluu. Wiki hii ninao saba.