Kila somo kivyake au kuyachanganya? Nilivyoona darasani Tanga

Mi nimefundisha darasa la 5 kwa njia zote mbili. Ya kwanza ni ile tuliyosomea wote, kengele inalia, dakika 40 za Hisabati zimeisha, funga daftari toa la Sayansi, na uzuri wake upo, mtihani wa darasa la 7 unakuja somo kwa somo na mtoto anayeshindwa kugawanya unamjua mapema.

Ya pili unachukua kitu kimoja unakizungushia masomo. Sisi tulichukua mkonge maana watoto wanauona kila siku njiani. Historia, yule Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 toka Florida mwaka 1893, iliyofika hai ni 62 tu ikapandwa kule Pangani. Hapohapo Hisabati, imekufa asilimia ngapi? Afu Sayansi, tukakwangua jani kwa kisu butu mpaka nyuzi nyeupe zikatoka (maji yake yanawasha balaa, waosheni mikono mapema jamani). Kuna binti hajawahi kunyoosha kidole Hisabati, siku hiyo kaniletea 93.8 sijamaliza hata kufuta ubao. Nilifurahi sana!

Shida ni maandalizi, na darasa likijaa kisu kimoja hakitoshi. Jedwali la kuzidisha na kusoma kwa sauti siyachanganyi, yanataka muda wake kila siku. Ila asilimia, ramani, mimea, hizo nachanganya Ijumaa vipindi viwili mfululizo, wiki ijayo ni zamu ya nazi.